App Store, Google Play au njia yako mwenyewe: chagua duka la gemu yako ukiiwaza siku ya ugomvi

Tarehe 13 Agosti 2020, waliofungua Fortnite kwenye simu walikuta bei mbili kwa kitu kimoja. V-Bucks 1,000, yaani sarafu za ndani ya gemu hiyo, ziliuzwa dola 9.99 kwa anayelipia kupitia duka la simu yake, na dola 7.99 kwa anayeilipa moja kwa moja Epic Games, kampuni iliyoitengeneza Fortnite. Epic ilikuwa imeingiza njia yake ya malipo bila ruhusa, ikijua fika kwamba inavunja mkataba. Siku hiyohiyo Apple iliiondoa Fortnite kwenye App Store, na saa chache baadaye Google ikaiondoa kwenye Google Play. Kabla siku haijaisha Epic ilikuwa imezishitaki kampuni zote mbili.

Kwa mtu anayetafuta pa kuuzia gemu yake, sijaona funzo zuri kuliko hili. Mtengenezaji ni yuleyule, kosa lilelile, siku ileile, adhabu ileile. Yaliyofuata ndiyo yaliyotofautiana, tena kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Makala nyingi zinazolinganisha maduka haya huanzia na kuishia kwenye makato: nani anakata asilimia 30 ya mauzo, nani anakata 15. Makato yana uzito wake na nitayapitia. Lakini kinachowaumiza watengeneza gemu kuliko yote ni siku ile toleo linapokataliwa, akaunti inapofungwa, au gemu inapoondolewa wakati wachezaji wanaendelea kuitafuta. Ukishajua kila duka hufanya nini siku hiyo, mengine ni hesabu tu.

Makato kwanza, maana hayachukui muda

App Store ilifunguliwa Julai 2008, na soko la Android, ambalo baadaye liliitwa Google Play, likafuata Oktoba mwaka huohuo. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 30 ya kila mauzo. Mwaka 2021 pande zote mbili zilishusha hadi 15 kwa wadogo, na watu wakadhani sasa ziko sawa. Haziko sawa.

Apple hutazama kama mapato yako ya mwaka yamevuka dola milioni moja. Ukivuka, mauzo yanayobaki ya mwaka huo hukatwa 30, na mwaka unaofuata unauanza ukiwa kwenye 30. Google hukata 15 kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka, uwe mkubwa au mdogo, na kinachozidi hapo ndicho hukatwa 30. Fikiria gemu iliyovuma mwaka mmoja kisha ikapoa. Kwa Apple, mwaka wa kupoa ndio unaokatwa kiwango kikubwa, wakati mapato yameshaanza kukauka. Wengi wetu hatutafika huko, lakini gemu ndiyo biashara ambayo mtu mmoja anaweza kulala hajulikani na kuamka na mamilioni ya wachezaji, kwa hiyo usilipuuze.

Kuingia: Apple ni dola 99 kila mwaka, na ukiacha kulipa gemu zako zinatoka dukani. Google ni dola 25 mara moja. Fedha zako Google huzituma katikati ya mwezi unaofuata. Apple inaweza kuchukua hadi siku 45 tangu mwezi wake wa hesabu ulipofungwa. Kama unaishi kwa mapato ya gemu, tofauti hiyo utaihisi.

Mlangoni: anayekukatalia mapema na anayekugeuka baadaye

Apple ina watu wanaokagua kila toleo kabla halijaingia dukani. Yenyewe inasema asilimia 90 ya maombi hukaguliwa ndani ya saa 24, na kwa ninayoyaona mimi hilo ni kweli. Google hutegemea mashine zaidi, ikichanganya na watu, na huwaonya watengenezaji kwamba ukaguzi unaweza kuchukua siku saba au zaidi. Tena tangu Novemba 2023 aliyefungua akaunti mpya ya mtu binafsi hawezi kutoa gemu kwa umma mpaka watu kadhaa wa kuijaribu waitumie siku 14 mfululizo. Walitakiwa 20, kisha Desemba 2024 wakapunguzwa hadi 12. Kwa anayefanya kazi peke yake chumbani, kupata watu 12 watakaokaa na gemu isiyokamilika wiki mbili bila kujitoa ni kazi kubwa kuliko inavyosikika.

Ugomvi wa mlangoni kwa Apple mara nyingi ni wa maudhui, na hapo historia yake ni nzito. Mwaka 2011 Phone Story, gemu inayoonyesha taabu za watu wanaochimba madini na kuunganisha simu, haikukaa hata wiki moja kwenye App Store kabla ya kuondolewa. Kwenye Android iliendelea kupatikana. Mwaka 2013 Sweatshop, gemu ya kuendesha kiwanda cha nguo kwa kuwanyonya wafanyakazi, ambayo nia yake ilikuwa kumfanya mchezaji aone ubaya wa viwanda hivyo, nayo iliondolewa kwa sababu Apple haikuridhia mada yenyewe. Desemba 2014 Papers, Please ilipoletwa kwenye iPad, picha za miili kwenye kituo cha ukaguzi wa mpakani zilihesabiwa kuwa ponografia. Mtengenezaji akazitoa, kisha siku chache baadaye akaruhusiwa kuzirudisha kama chaguo. Juni 2015 gemu za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ziliondolewa kwa kuonyesha bendera ya majimbo ya Kusini. Ultimate General: Gettysburg ilikuwa mojawapo. Waliotengeneza gemu hiyo walikataa kubadili bendera wakisema ni historia, na baada ya siku chache gemu ikarudi kama ilivyokuwa.

Ziangalie tena zile zilizorudi. Zilirudi baada ya habari kuandikwa na watu kupiga kelele. Phone Story na Sweatshop, ambazo hoja yake ilikuwa kali zaidi, hazikurudi. Kama gemu yako inasema jambo gumu kuhusu kazi, vita, dini au siasa, ujue kwamba kwenye App Store unaomba ruhusa ya mhariri mwenye ladha yake. Hilo linaniuma, maana gemu ni sanaa inayoweza kubeba mambo mazito kama kitabu kinavyoyabeba, na ni vibaya mtu kuanza kujikata ulimi akiwa bado anachora mhusika wake wa kwanza.

Hata hivyo nisiwanyime haki yao. Mkaguzi wa Apple anapokataa hutaja kifungu cha kanuni, na unaweza kumjibu. Kuna bodi ya rufaa, na tangu mwaka 2020 unaweza kupinga hata kanuni yenyewe, na marekebisho ya hitilafu hayazuiliwi tena kwa sababu ya mzozo wa kanuni isipokuwa kama kuna suala la kisheria. Mimi mwenyewe niliwahi kukataliwa toleo mara tatu na duka moja, nisilitaje, kwa sababu kitufe cha "kuhusu sisi" kilielekeza kwenye tovuti yangu iliyokuwa na ukurasa wa michango. Mara ya tatu ndipo mtu aliponiandikia na kunionyesha kitufe chenyewe. Nilikuwa nimepoteza siku tisa. Ningepoteza mwezi kama nisingepata mtu wa kuongea naye.

Akaunti: hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Kwa Google, mlango ni mpana lakini paa linaweza kukuangukia ukiwa ndani. Malalamiko yanayorudi mwaka hadi mwaka ni ya akaunti kufungwa kwa "uhusiano" na akaunti nyingine iliyowahi kufungwa: uliwahi kumpa fundi fulani ruhusa ya kuingia, au mlitumia kompyuta moja, na kosa lake limekuwa lako. Ujumbe unaofika huwa mfupi na hauelezi ni akaunti ipi wala kosa lipi. Ukifungua akaunti mpya, nayo inafungwa kwa uhusiano na ile ya kwanza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Andrew Spinks, muasisi wa studio ya Re-Logic na mtengenezaji wa Terraria. Mapema mwaka 2021 akaunti yake ya Google ilifungwa, na pamoja nayo barua pepe, mafaili yake na programu alizokuwa amezinunua. Baada ya wiki kadhaa za kuomba maelezo bila jibu la maana, Februari alitangaza hadharani kwamba anafuta toleo la Terraria lililokuwa likiandaliwa kwa ajili ya Stadia, huduma ya gemu ya Google yenyewe. Kabla mwezi haujaisha akaunti ilirudishwa na kazi ikaendelea. Terraria ni gemu iliyouza mamilioni ya nakala; yeye alikuwa na kitu cha kuwanyima Google. Wewe una nini?

Apple nayo hufunga akaunti, na ilifunga ya Epic tarehe 28 Agosti 2020. Ilitaka hata kuwanyima Epic zana za kuendeleza Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu ambayo studio nyingi zisizohusika na ugomvi huo huitumia. Jaji alizuia hilo. Lakini kufungiwa na Apple kwa kawaida hutanguliwa na maandishi yanayoeleweka, na akaunti ya mtengenezaji haijafungamana na maisha yako yote kama ilivyo kwa aliyetumia akaunti yake ya Google ya kila siku.

Kwa hiyo ukienda Google Play, fanya haya kabla ya kulipa zile dola 25: fungua akaunti mpya isiyo na picha zako wala barua pepe za familia, sajili kampuni kama unaweza, usimpe mtu wa kazi za muda ruhusa ya kuingia kwa akaunti yake binafsi, na weka funguo za kutia sahihi matoleo yako (faili za siri zinazothibitisha kwamba toleo ni lako) pamoja na nakala ya msimbo mahali ambapo Google haina mkono.

Mchezaji anayelipa ni wa nani?

Hili nalipita haraka kidogo. Kwenye maduka yote mawili mnunuzi ni mteja wa duka kwanza. Hujui jina lake wala anwani yake ya barua pepe. Akitaka kurudishiwa fedha, Apple huamua yenyewe na wewe huwezi hata kuzirudisha ukitaka. Google hukuruhusu kurudisha mwenyewe kupitia dashibodi, ingawa nayo huweza kurudisha bila kukuuliza. Mchezaji mwenye hasira atakuandikia wewe, na kwa upande wa Apple jibu lako la kweli litakuwa "wasiliana nao". Kwa gemu yenye sarafu na mavazi ya wahusika ya kununua, hiyo ni barua ya kila siku.

Kuhusu walioiga gemu yako, usitegemee sana duka lolote. Threes! ilitoka Februari 2014 baada ya kazi ya zaidi ya mwaka, na mwezi uliofuata 2048 ikasambaa kote bila malipo. Kanuni za mchezo hazilindwi na hakimiliki. Michoro, muziki, jina na msimbo ndivyo vinavyolindwa. Apple hupokea malalamiko na kuwakutanisha wewe na mlalamikiwa ili mmalizane. Google huangalia dai la hakimiliki na kuondoa ikiona lina msingi. Kwa mwenye haki iliyo wazi, njia ya Google huwa fupi. Kwa anayesingiziwa, ufupi huohuo ni hatari.

Mahakamani: mwenye mfumo uliofungwa alishinda, mwenye mfumo ulio wazi alishindwa

Sasa turudi kwa Epic, maana hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na utamu.

Kesi dhidi ya Apple ilisikilizwa Mei 2021 huko Oakland, California, na Jaji Yvonne Gonzalez Rogers peke yake. Septemba 10 mwaka huo alitoa hukumu: Apple ilishinda hoja tisa kati ya kumi. Jaji aliona kwamba gemu huleta takriban asilimia 70 ya mapato ya App Store, na kwamba fedha hizo hutoka kwa chini ya asilimia 10 ya wateja wa duka, lakini hakuona kwamba ukiritimba ulikuwa umethibitishwa. Epic iliamriwa kulipa asilimia 30 ya zile dola milioni 12 na zaidi ilizokusanya kwa njia yake. Hoja moja tu iliwaangukia Apple: ile ya kuwazuia watengenezaji kuwaambia wachezaji kwamba kuna mahali pengine pa kulipia.

Kesi dhidi ya Google ilikwenda mbele ya juri la raia wa kawaida huko San Francisco, chini ya Jaji James Donato. Desemba 11, 2023 juri liliamua kwa kauli moja kwamba Google ilikuwa imejenga ukiritimba kinyume cha sheria. Hakuna hoja iliyookoka.

Inashangaza, kwa sababu Android ndiyo inayoruhusu kusakinisha programu kutoka nje. Fortnite ilipoondolewa, mwenye Android aliweza kuendelea kuipata kwenye tovuti ya Epic na kwenye duka la Samsung, wakati mwenye iPhone alibaki na toleo la zamani, akauona msimu mpya wa Agosti 27 kwa wenzake tu. Lakini uwazi huo ndio uliowaponza Google. Ili duka lake libaki kuwa kubwa kwenye mfumo ulio wazi, ilibidi ilipe na kuahidi: mikataba na watengeneza simu, mikataba na studio kubwa. Mahakamani ilionekana mikataba ya mamia ya mamilioni ya dola, ukiwemo wa Activision Blizzard wa takriban dola milioni 360, na Epic yenyewe iliwahi kuahidiwa dola milioni 147 ilete Fortnite kwenye Google Play. Juu ya hayo, mazungumzo ya ndani ya wafanyakazi yalikuwa yakifutwa wakati yalipaswa kutunzwa, na juri lilielezwa hivyo. Apple haikuhitaji kumshawishi mtengeneza simu yeyote, kwa kuwa simu ni yake. Aliyejenga ukuta tangu siku ya kwanza hakuacha nyaraka za kuonyesha jinsi alivyokuwa akiziba njia.

Kilichofuata kwa Apple nakiona kuwa kibaya kuliko hukumu yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa Januari 2024, na amri ya kuruhusu viungo vya nje, yaani linki zinazompeleka mchezaji kulipia kwingine, ikaanza kufanya kazi. Apple iliruhusu viungo, kisha ikaweka kamisheni ya asilimia 27 kwa manunuzi yaliyofanyika nje ya duka lake. Ukiongeza gharama za kampuni ya malipo, mtengenezaji hakubakiwa na faida yoyote. Aprili 30, 2025 jaji yuleyule aliamua kwamba Apple ilikiuka amri yake kwa makusudi, akapiga marufuku kamisheni hiyo na kupeleka suala kwa waendesha mashitaka. Tarehe 20 Mei 2025 Fortnite ilirudi kwenye App Store ya Marekani, karibu miaka mitano tangu iondoke. Ni kiasi gani Apple inaweza kutoza kwenye viungo vya nje hapo baadaye, wanasheria wameendelea kupambania, kwa hiyo usijenge bajeti yako ukidhani sifuri hiyo ni ya kudumu.

Kwa Google, amri ya Jaji Donato ya Oktoba 2024 ilithibitishwa na mahakama ya rufaa Julai 31, 2025, na mwishoni mwa Oktoba 2025 Google Play ikaacha kuwalazimisha watengenezaji wa gemu na programu nchini Marekani kutumia mfumo wake wa malipo. Novemba mwaka huo pande mbili zilipeleka kwa jaji mapendekezo ya maafikiano yenye kikomo cha ada cha asilimia 9 au 20 kutegemea aina ya muamala.

Mtengenezaji mdogo alipata nini? Apple ilikubali mwaka 2021 kuweka dola milioni 100 kwa ajili ya watengenezaji wadogo wa Marekani, na Google dola milioni 90 mwaka 2022. Malipo ya mtu mmoja upande wa Apple yalipangwa kuanzia dola 250 hadi 30,000. Upande wa pili wa mizani, Apple iliomba Epic iilipe dola milioni 73 za gharama za kesi. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Na kwa kweli hakuna studio ya watu watatu itakayokwenda mahakamani. Unachoweza ni kufaidi matundu ambayo wengine wameyatoboa, kwa hiyo yafahamu.

Kwa kifupi, siku ya ugomvi inaonekana hivi:

| | App Store | Google Play | Tovuti yako au duka mbadala |
|---|---|---|---|
| Ugomvi huanza | Kabla ya kutoa toleo | Baada ya kutoa, mara nyingi ghafla | Nadra |
| Sababu ya kawaida | Maudhui, njia ya malipo | Akaunti, sera zinazosomwa na mashine | Onyo la simu kwa mchezaji |
| Unaongea na nani | Mtu mwenye kanuni mkononi | Fomu, na kusubiri | Mwenyewe |
| Ukiondolewa | Isipokuwa katika nchi chache kama za Umoja wa Ulaya na Japani, huna njia nyingine ya kusakinisha kwenye iPhone | Bado unaweza kusambaza faili nje ya duka | Hakuna wa kukuondoa |

Wachezaji wako wako wapi?

Swali hili linabadilisha majibu kuliko nilivyodhani nilipoanza. Korea Kusini ilipitisha sheria Agosti 2021, ya kwanza ya aina yake, ya kuzuia maduka kulazimisha mfumo wao wa malipo. Yote mawili yakatii kwa kupunguza pointi nne tu: aliyekuwa analipa 30 akalipa 26 na bado akagharimia malipo mwenyewe. Sheria ilikuwepo, nafuu haikuwepo.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi. Tangu Machi 2024 Apple inalazimika kuruhusu maduka mengine kwenye iPhone, na AltStore PAL na duka la Epic yameingia. Lakini masharti mapya ya Apple yalikuja na ada ya senti 50 za yuro kwa kila usakinishaji wa kwanza wa mwaka baada ya milioni moja. Piga hesabu: gemu ya bure iliyosakinishwa mara milioni mbili ingedaiwa yuro 500,000 hata kama haijauza kitu. Wadogo walipewa nafuu baadaye, na mwaka 2025 Apple ikatangaza kubadili mfumo huo, mwaka uleule Tume ya Ulaya ilipoitoza faini ya yuro milioni 500 kwa kuwabana watengenezaji wasiwaelekeze wateja kwingine. Japani nayo sheria yake ilianza kutumika kikamilifu Desemba 2025.

China ni dunia nyingine. Google Play haipo, na maduka ya Android ya watengeneza simu yalizoea kuchukua nusu ya mapato ya gemu. Mwaka 2020 miHoYo, kampuni ya gemu ya huko, iliitoa gemu yake ya Genshin Impact bila kupitia maduka ya Huawei na Xiaomi, na ikafanikiwa. Juni 2024 kampuni ya Tencent iliiondoa gemu ya Dungeon & Fighter Mobile kwenye baadhi ya maduka hayo. Hapo makato ya App Store ndiyo nafuu, ila hakuna gemu ya kuuza bila kibali cha serikali.

Kwenda peke yako

Epic ilijaribu. Agosti 2018 iliitoa Fortnite ya Android nje ya Google Play, na Aprili 2020 ikarudi ikilalamikia maonyo ya kutisha anayoyaona mchezaji kila anaposakinisha kitu kutoka nje. Kama gemu maarufu kuliko zote ilichoka baada ya mwaka mmoja na miezi minane, gemu isiyojulikana haitadumu mwezi. Na kuanzia Septemba 2026 Google imepanga kuanza kutaka utambulisho wa watengenezaji hata wa programu za nje ya duka, ikianzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand.

Duka la Epic kwenye simu hukata asilimia 12, na tangu katikati ya 2025 halikati kitu kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila gemu kwa mwaka. Ofa hiyo ni nzuri sana. Wachezaji ndio wachache. Litumie kama ghala la akiba.

Kinachofanya kazi kwa wengi ni kuweka gemu kwenye maduka makubwa na kuuza sarafu au vifurushi kwenye tovuti yako, ukiwa na akaunti za wachezaji zilizo zako. Hata duka likikufungia, mchezaji bado ana jina lake na maendeleo yake kwako.

Ningechagua hivi

Gemu ya kulipia mara moja, isiyo na mada ya kuchokoza: App Store kwanza. Wanunuzi wake wana mazoea ya kulipa, na ugomvi wake, ukija, utakuja mapema ukiwa bado hujatumia fedha za matangazo.

Gemu yenye msimamo, ya kisiasa au ya kihistoria: Google Play kwanza pamoja na faili kwenye tovuti yako tangu siku ya kwanza, kisha ujaribu Apple ukiwa tayari na wachezaji watakaokusemea.

Gemu ya bure inayoishi kwa kuuza vitu vya ndani: zote mbili, lakini usitoe toleo la kwanza kabla mfumo wako wa akaunti za wachezaji haujakamilika. Ukiuongeza baadaye, wale wa mwanzo, ambao ndio huwa wanunuzi wakubwa, watakuwa wameshafungwa kwenye utambulisho wa duka.

Na kama unaanza leo ukiwa peke yako, huna fedha ya kulipa mara mbili, na gemu ni ya kujifunzia: lipa zile dola 25, tafuta wale watu 12, na uanze kuwahesabia siku zao 14 kesho asubuhi.